Kufuli la Watu Wawili

Tarehe 4 Februari

Kwa Kituo cha Msaada wa Sheria, Meza ya Barua

Ndugu Mshauri,

Salaam. Kwanza usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huu haukuwahi kwenda shule. Uliishi kwa kushikilia vitu tu wakati mwenzake akifanya kazi. Sasa nimeuandikisha darasa la kwanza nikiwa mtu mzima.

Muuguzi mmoja aliniambia kwamba ofisi yenu hujibu maswali ya watu kwa barua. Alisema naweza pia kupiga simu. Simu siitaki, kwa sababu mtu akiniuliza "kwani ilikuwaje?" nalia, na nikilia sisemi kitu cha maana.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kunyooshea, ile yenye rola kubwa za moto. Shuka linaingia upande huu likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limenyooka. Mara nyingine linajiviringisha kwenye rola. Hapo unazima swichi kuu ukutani, unatia kufuli kwenye swichi ili mtu asiiwashe, ndipo unaingiza mkono kulivuta. Mwezi wa Novemba nilikuwa bado nimeingiza mkono wakati kufuli lilipofunguliwa na mashine ikawashwa. Mkono wa kulia wameukata chini kidogo ya kiwiko.

Aliyefungua kufuli ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Tulikuwa tunalivuta shuka hilo pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, na mashine ni kubwa, huwezi kumwona aliye ng'ambo. Alidhani nimeshatoka, kwani siku zote mimi ndiye ninayetangulia kutoka. Polisi wamemshtaki kwa kumjeruhi mtu kwa uzembe. Yuko nje kwa dhamana, lakini tangu nitoke hospitali hajakanyaga hapa nyumbani, na nyumba hii tunaishi sote wawili. Wazazi walituachia.

Maswali yangu ni haya. Je, naweza kuifuta hiyo kesi, maana mwenye mkono ni mimi? Je, naweza kukidai kiwanda fidia? Na je, mbona haji?

La mwisho labda si la sheria. Lijibu kama unaweza.

Wako,
Mnyoosha Mashuka


Tarehe 13 Februari

Ndugu Mnyoosha Mashuka,

Barua yako tumeipokea na tunakupa pole kwa yaliyokupata. Majibu ya maswali yako ni kama ifuatavyo.

Kesi ya jinai si mali yako. Ni ya serikali, na wewe ndani yake ni mlalamikaji na shahidi. Huwezi kuifuta. Unaweza kumweleza mwendesha mashtaka msimamo wako, naye ana hiari ya kuuzingatia au kuuacha.

Fidia ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kesi ya madai na ni yako mwenyewe. Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake aliyekuwa kazini. Kwa hiyo mshtakiwa akitiwa hatiani, hukumu hiyo itayapa madai yako nguvu kubwa. Usikawie, kwa kuwa madai ya namna hii yana ukomo wa muda.

Kuhusu mshtakiwa kutokuja nyumbani: katika mashauri kama haya mahakama humpa mshtakiwa dhamana kwa sharti kwamba asimkaribie shahidi, asimpigie simu, asimwandikie, wala asimtumie mtu ujumbe. Akivunja sharti hilo atarudishwa rumande. Tunakushauri usimtafute. Yapo mashauri mengi ambayo mshtakiwa hutumia udugu kumrubuni mlalamikaji. Akikujia au akikutumia mtu, toa taarifa polisi.

Mshauri,
Meza ya Barua


Tarehe 22 Februari

Ndugu Mshauri,

Ahsante kwa majibu. Umeandika kama mtu anayesoma bango lililobandikwa ukutani, lakini nimeelewa. Nilikuwa nadhani amenikimbia kwa aibu, kumbe ni serikali imemweka mbali nami. Usiku ule nililala vizuri kidogo, kisha asubuhi nikakasirika. Hakuna aliyeniuliza kama ninaogopa. Wamenilinda kama yai, na aliyebaki na yai ni mimi peke yangu, siwezi hata kulimenya.

Umesema kuhusu kurubuniwa. Ndugu yangu, huyu unayemwogopa nilimbeba mgongoni. Mama alipokufa, mtoto huyu alikuwa bado anaogopa kuku. Mimi niliolewa kidogo tu, miezi, nikarudi, na sababu mojawapo ni kwamba mume hakutaka mtoto wa watu ndani ya nyumba. Kazini wakatuita Pacha, ingawa umri tumeachana mbali. Tulitoka pamoja asubuhi, tukarudi pamoja jioni. Ndiyo maana sina mashoga. Sikuwahi kuwahitaji.

Sasa nyumba iko kimya mpaka nasikia friji inapowaka na kuzima. Nafunga vifungo vya blauzi kwa meno. Kushika tama naweza bado, mkono mmoja unatosha kwa kazi hiyo. Jirani yangu wa upande wa bomba, mtu ambaye miaka yote tunasalimiana kwa kuinua kidevu, siku hizi anakuja kunijazia mapipa ya maji bila kuombwa. Nadhani amesikia habari za fidia, anajipendekeza mapema.

Swali langu leo ni moja. Polisi walichukua maelezo yangu nikiwa bado na dawa za usingizi kichwani. Niliwaambia mdogo wangu ndiye aliyefungua kufuli na kuwasha. Ni kweli. Lakini je, nikienda mahakamani nikasema kwamba nilimwambia "washa", kwamba mimi ndiye niliyetoa ruhusa kabla sijatoa mkono? Hapo si atakuwa hana kosa? Fidia sina haja nayo sana. Ninamhitaji yeye.

Wako,
Mnyoosha Mashuka


Tarehe 26 Februari

Kwa Mshauri wa Sheria

Mheshimiwa,

Naomba msaada wa ushauri. Mimi ni mshtakiwa. Nimemjeruhi dada yangu kwenye mashine ya kunyooshea mashuka. Amepoteza mkono wa kulia. Sikuangalia. Nilifungua kufuli nikawasha. Sina la kujitetea.

Nimesikia kwa watu mahakamani kwamba mimi nikikiri kosa, hukumu yangu itamsaidia yeye kulipwa na kiwanda. Je, ni kweli? Kama ni kweli nataka kukiri siku ya kutajwa kesi, mwezi wa nne. Kufungwa sijali. Ninaishi chumba cha kupanga nyuma ya gereji, usiku kucha natazama dari, jela itakuwa na dari pia.

Swali la pili. Dada yangu ameiomba mahakama nisimkaribie. Namwelewa. Hata mimi ningeomba. Lakini nyumbani maji yanachotwa bombani kwa ndoo, na ndoo zile nzito. Nimempa jirani kitu kidogo awe anamjazia mapipa. Nilimwambia asinitaje, asipeleke salamu wala asirudi na salamu. Maji tu. Je, hilo ni kosa? Kama ni kosa niambieni, ila naomba pia mniambie nani atamchotea.

Ni mimi,
Mshtakiwa


Tarehe 7 Machi

Ndugu Mshtakiwa,

Barua yako imefika. Kwa kanuni za kituo hiki hatuwezi kukushauri, na kanuni hizo hizo zinanitaka nikueleze sababu. Mtu mwingine aliye ndani ya jambo hili hili alitangulia kutuandikia, na kituo hakihudumii pande mbili. Maswali yako yote mawili, kwa hiyo, sitayajibu, na barua yako haitaonyeshwa kwa mtu yeyote.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika anwani ya wakili wa utetezi asiyetoza watu wasio na uwezo. Nenda kwake kabla ya siku ya kutajwa kesi. Usikiri wala usikane chochote kabla hajakusikiliza. Hilo ningemwambia mshtakiwa yeyote, hata yule nisiyemjua.

Na jambo lingine la jumla, ambalo limebandikwa hata kwenye ubao wa matangazo wa mahakama. Masharti ya kumzuia mshtakiwa asimkaribie shahidi huombwa na mwendesha mashtaka na kuwekwa na hakimu, karibu kila kesi ya aina hii. Mlalamikaji haulizwi.

Mshauri,
Meza ya Barua


Tarehe 8 Machi

Ndugu Mnyoosha Mashuka,

Nianze kwa kuomba radhi. Kuna mambo niliyokuandikia kuhusu ndugu na kurubuniwa ambayo ningeyaandika tofauti. Nimekaa meza hii muda mrefu, na meza humfanya mtu aone kila barua inafanana na ile ya jana. Halafu, kwa kuwa uliniita "ndugu" kama unavyomwita mwanamume wa ofisini, nikujulishe kwamba mimi ni mwanamke, na wa umri.

Sasa swali lako. Hapana. Usiseme kwamba ulimwambia "washa" kama hukumwambia. Utakuwa umeapa uongo mbele ya hakimu, na hilo ni kosa la jinai lenye kifungo chake. Watakuuliza ulikuwa umesimama wapi, ulipaza sauti kiasi gani, nani mwingine alisikia, mpaka uongo ushindwe kusimama. Ukianguka wewe, naye ataanguka, kwani watasema mmepanga. Na madai yako dhidi ya kiwanda yatakufa hapo hapo, kwa maneno ya kinywa chako mwenyewe.

Maelezo uliyotoa polisi hayafutwi. Lakini unaweza kutoa maelezo ya nyongeza wakati wowote, mradi ni ya kweli. Kwa hiyo nimesoma tena barua zako mbili, nikitafuta ukweli ambao haujasemwa. Kuna kitu sikukielewa. Umesema mtu akiingiza mkono kwenye mashine lazima swichi iwe na kufuli. Mdogo wako alifungua kufuli lake. Kufuli lako wewe lilikuwa wapi?

Usijibu kwa haraka. Niandikie kama ilivyokuwa.

Mshauri


Tarehe 14 Machi

Mheshimiwa Mshauri,

Nimesoma kwamba hamwezi kunisaidia. Nashukuru sana.

Sijawahi kukataliwa nikafurahi namna hii. Nimeisoma barua yako mpaka fundi wa gereji akaniuliza kama nimepata mchumba. Ina maana ameandika. Ina maana ana nguvu za kuandika, na kuna kitu anakitafuta, na si yeye aliyesema nisimkaribie. Miezi yote hii nilijua ni yeye. Nilikuwa namwona kwenye mawazo akimwambia hakimu maneno hayo, na nilikuwa nasema moyoni ana haki.

Wakili nimemwona. Amenikataza kukiri kwanza. Amesema tusubiri.

Sikuulizi ameandika nini. Ningependa tu kujua aliandika kwa mkono gani, ila najua hutanijibu, na jibu lenyewe naona ninalo.

Mshtakiwa


Tarehe 19 Machi

Mama Mshauri,

Kumbe ni mama. Nisamehe kwa hilo la bango, ingawa bado naona lilikuwa bango.

Umeniuliza kufuli langu lilikuwa wapi. Nimecheka, kwa sababu sikuwahi kuwa nalo. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na ni jambo zuri, tulikuwa tunalisimulia kwa watu.

Siku kiwanda kilipogawa makufuli, tulipangwa mstari. Mfanyakazi mmoja, kufuli moja na ufunguo wake, ndivyo tangazo lilivyosema. Tulipofika mbele, mimi na mdogo wangu, msimamizi akatuangalia, akatabasamu, akasema, "Nyinyi ni mtu mmoja. Chukueni hili, linawatosha." Mstari mzima wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama, nilijisikia kama nimepewa zawadi. Watu wawili tunaoaminiana mpaka wakubwa wanajua. Ufunguo ukakaa kwa mdogo wangu, kwa sababu mimi mfuko wa aproni ulikuwa umetoboka. Baadaye mume na mke wa idara ya kukausha nao wakapewa moja, na mashoga wawili wa mapokezi ya nguo chafu wakaomba wapewe moja, ili nao waonekane wanapendana. Tukawa tunawacheka kwamba wanatuiga.

Basi siku zote tulitia kufuli hilo moja, tukaingia wote wawili. Yeye akimaliza anafungua. Mimi natoka kwanza, na yeye anajua nimetoka. Hivyo tu. Haijawahi kutokea kitu mpaka siku ile, shuka lilipoganda kwenye kona ya upande wangu nami nikachelewa.

Sasa kwa nini unauliza? Usiniambie kwamba kosa ni la sisi kupendana.

Mnyoosha Mashuka


Tarehe 28 Machi

Mpendwa Mnyoosha Mashuka,

Hapana, si kosa la nyinyi kupendana. Lakini kuna mtu aliyetumia kupendana kwenu kubana matumizi, akawavika kilemba cha ukoka, nanyi mkakivaa kwa furaha. Nasikitika kwamba ni mimi ninayekuambia.

Kufuli lile linatundikwa kwa ajili ya mkono ulio ndani ya mashine. Mikono ya watu wawili ikiwa ndani, makufuli ni mawili, na mashine haiwezi kuwaka mpaka kila mmoja afungue lake. Kama ungekuwa na lako, mdogo wako angefungua lake, angevuta swichi, na swichi ingegoma. Angekuita, ungemjibu, mngeendelea na kazi. Kumpa kila mfanyakazi kufuli ni wajibu wa mwajiri, na hata wao walilijua hilo, ndiyo maana tangazo lilisema mfanyakazi mmoja, kufuli moja. Aliyewapa moja ndiye aliyetengeneza ajali, muda mrefu kabla ya Novemba.

Fanya hivi. Nenda polisi utoe maelezo ya nyongeza, uyasimulie kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na kicheko cha wale waliokuwa mstarini. Wataje mume na mke wa idara ya kukausha na wale mashoga wawili. Nakala mpe mwendesha mashtaka na nyingine mkaguzi wa usalama kazini. Madai yako ya fidia tutayaandika upya. Mkono wa mdogo wako haukuwa peke yake kwenye swichi ile. Hatusemi kwamba hakukosea, kwani alipaswa kuangalia. Tunasema kiwanda ndicho kilichomfikisha hapo.

Siwezi kukuahidi mwendesha mashtaka atafanya nini. Na ujue utakapokwenda utaumia, kwa sababu utalazimika kulisimulia jambo lile zuri mbele ya watu wanaoandika, nao hawatacheka. Piga moyo konde. Nikiwa karibu ningekusindikiza, lakini umbali huu hauniruhusu, na mimi mwenyewe magoti yameshastaafu kabla yangu.

Mshauri wako


Tarehe 11 Julai

Mama Mshauri,

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu nilikuwa nakwenda na kurudi. Polisi, mwendesha mashtaka, mkaguzi, tena polisi. Nimesimulia habari ya kufuli mpaka imepoteza utamu. Kwa mkaguzi, msimamizi alikana. Yule mke wa idara ya kukausha akasimama, akasema mbele yake kwamba naye alipewa nusu, akatoa ufunguo mfukoni kwa mumewe na kuuweka mezani.

Wiki iliyopita mwendesha mashtaka aliondoa shtaka. Niliiona kwa macho yangu, hakimu aliandika, akasema mshtakiwa yuko huru na masharti yote yamekwisha. Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele, mimi nyuma. Amekonda. Shati lile nilimnunulia mimi, sasa linamning'inia. Niliposimama watu walikuwa wengi mlangoni, na nilipofika nje hakuwepo.

Nikasema amewahi nyumbani. Nikapanda gari, nikafika, nikapika wali mwingi kwa mkono wangu huu mmoja, nikabandua sufuria kwa kuikumbatia kwa taulo, nikaungua kidogo. Hakuja. Hakuja kesho yake. Mpaka leo ninapoandika hajaja.

Jirani bado anajaza mapipa. Juzi nilimshika mlangoni nikamwambia kwamba fidia haijatoka na ikitoka hatapata hata sumuni, kwa hiyo aache kujitaabisha. Akaangalia chini. Akasema yeye hajitaabishi bure, analipwa, na aliyemlipa alimkataza kusema tangu Januari. Nilikaa pale pale kizingitini, mama, kama gunia.

Kwa hiyo maji yanakuja, yeye haji.

Zamani nilijua kwa nini haji. Kulikuwa na karatasi ya mahakama, na ukiwa na karatasi una mtu wa kumkasirikia. Sasa hakuna kinachomzuia na bado haji, na upweke wa sasa nauona mkubwa kuliko ule. Swali langu la mwisho kwa meza yako ni hili. Je, ipo sheria yoyote ya kumlazimisha mtu arudi nyumbani kwao?

Mnyoosha Mashuka


Tarehe 20 Julai

Mpendwa,

Hakuna.

Nimeangalia kama nilivyoangalia maswali yako mengine yote, kwa sababu sipendi kujibu kwa kukisia, lakini hii naijua bila vitabu. Nina kijana wangu anaishi mji wa mbali. Hakuna hakimu aliyewahi kumkataza kuja, hatujagombana, mkono wangu hajaugusa. Anasema atakuja kazi zikipungua. Barua zinazofika mezani kwangu ni za watu nisiowajua, na nimezizoea kiasi kwamba yako ilipochelewa nilikuwa naulizia kwa tarishi. Nakuambia hili nje ya kazi. Ukitaka liweke kwenye jalada, ukitaka litupe.

Mtu asipokuja, si mara zote ni kwa sababu hakutaki. Wengine hawaji kwa sababu hawajui wataanza na neno gani. Wakati wa kesi walikuwa na wakili wa kuwaambia waseme nini. Kesi ikiisha, kila mtu hubaki na kinywa chake.

Madai yako ya fidia yanaendelea vizuri na wakili wa kiwanda ameanza kuongea kwa upole. Nitakujulisha. Kuhusu hilo jingine, kwa kuwa jinai imekwisha na sina tena pande mbili za kuzitenganisha, nimemwandikia mtu mmoja barua fupi sana kwa anwani ya nyuma ya gereji. Sikumwambia siri yako yoyote. Nimemwambia tu kwamba sasa anaruhusiwa kuandika.

Mshauri wako


Tarehe 27 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikakaa siku nzima. Siku ile mahakamani nilikimbia kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nimejipanga, nikuamkie, halafu niombe msamaha, halafu nikubebee mkoba. Ulipoinuka nikaona mkono wa gauni umekunjwa na kubanwa kwa pini, nikasahau yote. Tangu nijue kusema nimekuamkia kwa kukushika mkono wa kulia, na ulikuwa ukinivuta kwa mkono huo huo kunitazama kama nimeoga. Nilisimama pale nikajiuliza, sasa nitamshika wapi? Nikatoka kwa mlango wa askari.

Nimekuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza nilikusikia ndani ukiongea, nikadhani una mgeni. Kumbe ulikuwa unaongea na friji, unaiambia ikae kimya. Nilitaka kucheka na nilishindwa kugonga.

Wanasema kosa ni la kiwanda. Wakili amesema, hakimu amesema. Lakini dada, kufuli nilifungua mimi. Nililisikia likifunguka. Hilo hakuna mwenye mamlaka ya kuliondoa.

Kama hutaki kunijibu nitaelewa. Maji nitaendelea.

Mdogo wako


Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimeiandika kwa kushoto, kama unavyoona, na nimeitikia kwa sauti pia, peke yangu sebuleni, ili isije ikasemwa kwamba niliacha salamu ya mtoto wangu bila kuitikiwa.

Ni kweli ulifungua kufuli. Sitakuambia hukufungua, kwa sababu nimechoka na watu wanaoniambia mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulifungua, hukuangalia, na mimi nimebaki na mmoja. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia Desemba yote, na Januari, na ulikuwa hupo nikugombeze, hilo ndilo lililoniumiza. Mtu anakukata mkono halafu unanyimwa hata nafasi ya kumfokea. Njoo nikufokee. Nina mengi, nimeyaweka kwa mpangilio.

Umeuliza utanishika wapi. Nitakuonyesha. Kinachouma ni kigutu cha mkono, pale walipokata, hasa jioni, na daktari alisema kinatakiwa kusuguliwa polepole na mtu mwingine, mkono huu wa kushoto bado haujajua kazi hiyo. Nimekaa miezi yote hii bila mtu wa kukisugua. Nilimwambia muuguzi kwamba mtu huyo ninaye.

Mwambie jirani asije tena.

Dada yako